Kijito Kilichonyamaza Vunyali

"Kimya kingi kina mshindo mkuu." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule mgeni aliyesifu upole wa jirani, na sasa mwataka kujua neno hilo limetoka wapi. Wengine watawaambieni vingine, kila mji na lake. Sisi huku milimani twasimulia hivi.

Palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Vunyali, nyumba hazizidi arobaini, kilichokaa chini ya kilima cha Mwaru. Kilima kile kilikuwa na mwiko. Shoka halikupanda, mbuzi hawakulishwa, na asiye na ruhusa ya wazee hakukanyaga msitu wake. Aliyethubutu, walisema, alileta kifo kijijini. Msituni kulitoka kijito, nacho kilijaza ndiva, yaani bwawa walilochimba mababu, na kila nyumba ilifungulia maji shambani kwa zamu. Pale Vunyali, afadhali uitwe mwizi wa kuku kuliko mwizi wa zamu.

Basi tamaa ya kulima tangawizi ya kuuza ikawapofusha wazee. Wakaruhusu mgongo wa kilima ufyekwe, kipande kidogo tu, wakajidanganya kwamba mwiko ni wa upande unaoonekana kijijini tu. Mwaka uliofuata masika ilikuja na mvua isiyo na adabu. Ilipokatika, zamu ya kwanza ikamwangukia Mrutu, mume wa Namkunda.

Asubuhi hiyo Namkunda aliamka akahisi kuna kitu kimepungua. Alikuwa amekwisha kuwasha moto ndipo alipotambua kuwa kijito hakisikiki. Tangu aolewe hakuwahi kupika uji bila kuusikia mlio wake. Alikimbilia huko. Mawe yalikuwa wazi, yangali na unyevu, na kaa walikuwa wakipanda ukingoni kwa haraka, wadogo kwa wakubwa.

Kwenye ndiva alimkuta mzee Kangero, msimamizi wa zamu, akifoka kwamba kuna mtu ameyaiba maji huko juu. Mrutu na rafiki yake Senkondo walikuwa wamekwisha kubeba majembe, wakipanda kwa kufuata mkondo ule mkavu ili wamfumanie mwizi.

Namkunda akawafuata mbio.

"Baba Tumsifu, subiri! Mfereji wa mwizi utabeba kijito kizima? Mvua yote ile imekwenda wapi?"

"Imekwenda shambani kwa mtu," Mrutu alijibu bila kugeuka.

"Shamba gani linakunywa hivyo? Maji hayo yamekaa mahali. Toka humo, nakusihi."

Senkondo akacheka. "Shemeji, kijito kikipiga kelele hulalamiki, kikinyamaza unalia?"

Mrutu akaona haya mbele ya mwenzake. "Rudi nyumbani, Mama Tumsifu. Unaniaibisha."

Namkunda aliuogopa msitu wa Mwaru tangu utotoni, kama alivyouogopa kila mtu. Lakini ukimya ule aliuogopa zaidi. Akampokonya mumewe jembe ili amfuate, akapanda ukingo kwa mikono na miguu, akaingia kwenye mwiko.

"Toka humo!" Mrutu alipiga ukelele. "Wewe mwanamke, utatuua sote!"

Hakuwa na budi kumfuata, maana wazee wangemkuta mkewe humo ingekuwa balaa. Senkondo alibaki chini, akakaa juu ya jiwe katikati ya mkondo. "Mtoe tu," alisema. "Mimi nawangoja hapa hapa."

Mrutu alimkamata Namkunda penye miti minene. Alikuwa ameinua mkono ampige, ardhi ikatetemeka. Ule mgongo uliofyekwa ulikuwa umeporomoka usiku, ukaziba bonde la kijito huko juu, na maji yakajilimbikiza nyuma ya udongo bila kusema neno. Sasa yaliuvunja udongo ule. Mshindo ulisikika hadi vijiji vya mbali. Yalishuka matope, mawe na magogo, yakapita chini yao, nao wamekumbatia mti mmoja, wakilia wote wawili. Mrutu aliita, "Senkondo! Senkondo!" wala sauti yake mwenyewe hakuisikia.

Mizizi ya msitu uliokatazwa iliushika ukingo, wakapona. Kangero alipona kwa kukimbilia mwinuko. Ndiva ilizolewa, na mashamba yote ya bondeni. Senkondo walimtafuta siku sita, hawakumpata, wakamlilia bila kaburi.

Matangani hakuna aliyeutaja mwiko uliovunjwa na Namkunda. Kila mmoja alijua ni nani waliouvunja kwanza. Mzee Kangero alikwenda akakaa karibu naye, akamwuliza polepole, "Mwanangu, ulisikia nini siku ile ambacho sisi hatukukisikia?"

"Sikusikia kitu, baba," Namkunda alijibu, na hofu ikamrudia usoni. "Hicho ndicho kilichonikimbiza."

Mzee aliinuka. Kisha akawaambia waliokuwapo neno ambalo tumelirithi: kimya kingi kina mshindo mkuu.