Namba Mbili za Igunguli

"Bunduki husomwa kutoka kitakoni." Mmesikia watu wakiambiana hivyo sokoni, mkadhani ni maneno ya wawindaji tu. Hapana, wajukuu zangu. Maneno hayo yana mwenyewe, naye alikuwa mwanamke. Tulieni niwaeleze yalikotoka.

Pale Igunguli palikuwa na duka moja tu lililoruhusiwa kuuza magobore, na karani wake aliitwa Nyamizi. Huyo hakuwa na mchezo. Ukija bila kibali cha boma, hata uwe shemeji yake, unarudi ulikotoka. Ukiwa nacho, analilaza gobore mezani, kitako kikielekea tumboni kwake, anasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, nawe unaigusa kwa kidole kabla hajaiandika daftarini. Wanaume walimcheka wakamwita Bibi Namba. Yeye akawaacha wacheke.

Siku moja mchungaji mmoja alipigwa risasi ya mguu karibu na kisima. Aliyempiga alitoroka, akaliacha gobore lake nyasini. Koplo akaliokota, akasoma: mia nane tisini na tisa. Daftari likasema hiyo ni namba ya Mhoja, mwindaji, mjomba wa Nyamizi aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Wakapekua nyumba ya Mhoja, wakakuta gobore jingine. Koplo akasoma: mia sita sitini na nane. Hiyo ilikuwa ya Katambi, tajiri wa ng'ombe.

"Ndilo langu hilo!" Katambi akadakia. "Mwizi huyu kaniibia!"

Basi Mhoja akajikuta na makosa mawili kwa mpigo, kujeruhi na kuiba, na gereza likawa linamngoja. Nyamizi aliumia sana. Alijua mjomba wake hawezi kumlenga binadamu, lakini nani angemsikiliza mpwa wa mshtakiwa? Na mwandiko wa daftari ulikuwa wake mwenyewe.

Siku ya kesi watu walijaa hadi madirishani. Nyamizi aliitwa alete daftari. Magobore yote mawili yalikuwa mezani, na koplo amesimama upande wa mitutu, akizisoma namba kwa sauti. Alizoea kuyabeba magobore ya watu kwa kushika mtutu, mbali na kifyatulio, na hivyo ndivyo alivyoyasoma tangu mwanzo. Nyamizi alipoona hivyo, moyo ulimlipuka kwa furaha.

"Mheshimiwa hakimu, naomba nimwulize afande jambo moja."

"Uliza."

"Afande, hiyo bunduki yako ya serikali ni namba ngapi?"

Koplo akaishusha begani, akaitazama. "Mia nne sabini na mbili."

"Umeisoma kitako kikiwa wapi?"

"Kifuani kwangu. Ulitaka niisome kichwa chini miguu juu?"

"Hata kidogo, afande. Basi na haya yasome vivyo hivyo."

Koplo akazunguka meza. Akasoma lile lililookotwa nyasini kimoyomoyo, akasoma tena.

"Sema tusikie," hakimu akamwambia.

"Mia... mia sita sitini na nane."

"Na hilo lililokutwa kwa Mhoja?"

"Mia nane tisini na tisa."

Maana sita ukiipindua ni tisa, na nane ni nane tu hata ukiisimamisha kwa kichwa! Watu wote wakamgeukia Katambi, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameapa kwamba analijua gobore lake kama anavyowajua ng'ombe wake. Akatafuta mlango, akakuta umejaa watu.

Mhoja akatoka huru. Vigelegele vilianzia madirishani vikafika sokoni, na wale wale waliokuwa wakimcheka Nyamizi wakambeba juu juu wakiimba, "Bibi Namba! Bibi Namba!" Mhoja alimshika mikono, machozi yakimtiririka.

"Mpwa wangu," akasema, "leo umenizaa."

Tangu hapo, mtu wa Igunguli akikimbilia kumhukumu mwenzake kwa kile anachokiona kutoka upande wake, huambiwa azunguke meza kwanza. Bunduki husomwa kutoka kitakoni.