Bi Chura na Mashine ya Kufyonza Manyoya

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia vizuri. Watoto mmeitikia, wakubwa mmekaa kimya mkidhani hadithi haiwahusu. Inawahusu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, zamani hasa, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba na mazulia na soketi za umeme ukutani, palikuwa na mjane mmoja jina lake Bi Chura. Msiniulize umeme ulitoka wapi. Hadithi ni yangu.

Bi Chura alikuwa na watoto wawili wa kulea. Wa kwanza ni Paka, akiitwa Kidawa. Wa pili ni Mbwa, akiitwa Tindo. Aliwaokota siku ya mafuriko, wamelowa, wanatetemeka, akawanywesha uji mpaka wakawa wakubwa kumpita yeye mara hamsini. Aliwapenda sana. Nao walimwita mama, na wakipita karibu naye walitazama chini wasije wakamkanyaga.

Tatizo lilikuwa manyoya. Kidawa alipukutika. Tindo alipukutika. Kidawa akijinyoosha, pu, manyoya. Tindo akijikuna, kwaru kwaru kwaru, manyoya. Manyoya kwenye zulia, manyoya kwenye mto, manyoya kwenye uji. Na Bi Chura, kama mjuavyo vyura, ngozi yake ni mbichi saa zote. Kila unyoya uliomgusa ulimganda. Ikifika Ijumaa ana ndevu. Siku moja alikwenda kuteka maji, Jogoo akavua kofia akamwambia, "Shikamoo, babu." Bi Chura akaitikia marahaba, maana angefanya nini?

Mnacheka. Chekeni. Lakini chura anapumua kwa ngozi. Ngozi ikifunikwa na manyoya, pumzi inakata. Bi Chura akaanza kuhema hata akipanda kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Akaona hii si ya kunyamazia, akaenda kwa daktari.

Daktari alikuwa Korongo. Daktari mzuri, lakini Korongo ni Korongo, kwa hiyo Bi Chura alipimwa akiwa amesimama mlangoni. Korongo akamtazama kwa mbali, akamweleza bila kuzunguka. Manyoya yatoke ndani ya nyumba kabla mwezi mpya haujaandama. Yakishindikana, wale wawili watoke. Wasipotoka wao, atatoka yeye, na atatoka amebebwa.

Bi Chura alilia njia nzima. Kuwafukuza wanawe hawezi. Ufagio alikwisha kuujaribu, ukayatoa manyoya chini ya kiti ukayapeleka chini ya meza, basi. Sasa akasikia kwamba gulioni, dukani kwa Nyani, kuna mashine za kufyonza vumbi. Kidawa na Tindo wakaomba waende naye. Akawakatalia. Akasema vitu vya nyumbani huchaguliwa na mwenye nyumba, wao wabaki, na asisikie neno.

Nyani alikuwa na mashine tatu. Moja kubwa, nyekundu, ina magurudumu. Moja ya kati. Moja ndogo, ya kijivu, imewekwa pembeni nyuma ya ndoo. Nyani akamwaga unga mkekani, maana ndivyo wauzaji wote wa gulio lile walivyojaribu mashine zao, akaziwasha moja baada ya nyingine.

Ile ndogo ikasema, sssss.

Ya kati ikasema, vuuuuu.

Ile kubwa ikasema, NGURRR, NGURRR, NGURRR. Vikombe vikaanguka rafuni. Mbuzi aliyekuwa akipita nje akasahau alikokuwa anakwenda, akarudi kwao.

Zote tatu zilimaliza unga. Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa vyura, kuchagua kuna desturi yake. Binti wa kichura akitaka mume hatazami sura. Anakwenda bondeni mvua ikinyesha, anafumba macho, anasikiliza. Mwenye sauti kubwa kuwashinda wenzake, huyo ndiye. Bi Chura alimpata marehemu mumewe hivyo hivyo, na alikuwa mume mwema, hakuna wa kumsema. Basi akafumba macho katikati ya duka, akasikiliza mashine kama anavyosikilizwa mchumba. Akafumbua, akaonyesha ile kubwa.

Nyani akamuuliza kama nyumbani wapo wenye manyoya. Akajibu wapo, tena wawili, ndiyo maana anataka yenye nguvu. Nyani akafungua mdomo kusema jambo. Halafu akakumbuka jinsi lile limashine lilivyomkalia dukani miaka miwili, akaufunga mdomo. Mnawajua wauzaji.

Kesho yake asubuhi Bi Chura akachomeka waya, akabonyeza.

NGURRR!

Kidawa akapaa juu ya kabati. Tindo akaingia chini ya kitanda, kitanda kikanyanyuka naye. Na manyoya je? Mnyama akishtuka, manyoya yake yanalegea yanatoka. Pu, pu, pu, yalijaa chumba kizima. Bi Chura akafyonza. Akazima, akageuka, akaona zulia limechafuka kuliko mwanzo. Akajisemea kumbe manyoya yalikuwa mengi hivi, heri amenunua yenye nguvu. Akawasha tena.

NGURRR. Kidawa juu ya kabati. Tindo chini ya kitanda. Pu, pu, pu.

Akazima. Akaona. Akawasha.

Asubuhi akafyonza, mchana akafyonza, alasiri akafyonza. Manyoya marefu ya Tindo yakajiviringisha kwenye brashi mpaka mashine ikakwama. Bi Chura akakaa chini na mkasi, kacha kacha kacha, akayakata, akawasha tena. Siku ya nne Kidawa alibaki na manyoya kichwani na kwenye ncha ya mkia peke yake. Kwingine kote alikuwa kama muhogo uliomenywa. Alikuwa paka mwenye kujisikia, sasa akawa anapita kwa kuambaa ukuta.

Siku ya tano, asubuhi, Bi Chura alinyoosha mkono kuchomeka waya. Hakufika. Alianguka chini ya soketi, manyoya mwili mzima, mdomo unafunguka na kufungika bila pumzi kuingia. Tindo akambeba mdomoni, taratibu, akamtia kwenye beseni la maji. Kidawa anachukia maji kuliko kitu chochote ulimwenguni. Aliingia miguu yote minne, akamsugua mama yake mpaka unyoya wa mwisho ukatoka.

Bi Chura akavuta pumzi. Akafumbua macho, akaona mafurushi mawili yamefungwa mlangoni. Akauliza ni ya nani. Kidawa akatazama ukuta. Tindo ndiye aliyesema.

"Mama, sisi tunaondoka. Hatutaki kukuua."

Bi Chura akasema haondoki mtu, akipata nguvu atafyonza mara sita kwa siku.

"Mama, ile mashine ndiyo inayotunyonyoa," Tindo akasema. "Ikinguruma tunaogopa. Tukiogopa tunapukutika. Hujaiwasha tangu jana jioni. Hebu tazama zulia."

Bi Chura akatazama. Zulia lilikuwa na manyoya machache tu, yale ya kawaida, ya kujinyoosha na kujikuna. Akauliza kwa sauti ndogo mbona hawakumwambia siku zote hizo.

"Ulisema hutaki kusikia neno," Kidawa akajibu, bado anatazama ukuta.

Bi Chura aliona aibu mpaka rangi yake ya kijani ikageuka. Hakujitetea. Akawaambia wamsukumie lile limashine, wanarudi gulioni, wote watatu.

Nyani alipowaona akajifanya hamkumbuki Bi Chura. Tindo akaonyesha meno kidogo, Nyani akamkumbuka, na mambo ya kubadilishana yakawa mepesi. Akachukua kopo la unga. Bi Chura akamzuia, akamwambia nyumbani kwake haumwagiki unga. Akafungua mfuko wa lile limashine, akamwaga mkekani manyoya ya Kidawa na ya Tindo.

Ile kubwa ikawashwa. NGURRR, NGU, ngu, kimya. Manyoya yameifunga brashi kama kamba.

Ya kati ikawashwa. Vuuuuu. Ilifyonza, sikatai. Lakini mgongo wa Tindo ulisimama wima, na kila mashine ilipochukua manyoya mbele, yeye alimwaga mengine nyuma.

Ile ndogo ikatolewa nyuma ya ndoo. Brashi yake ilikuwa ya mpira, unyoya hauna pa kujifungia. Sssss. Ikapita. Sssss. Ikarudi. Tindo akapiga miayo. Kidawa akaisogelea, akainusa, akapanda juu yake akalala, na mashine inaendelea kutembea naye mkekani.

Bi Chura hakuwa na raha. Akaizunguka ile mashine mara mbili, akaitegea sikio.

"Haina sauti," akasema. "Nitaiamini vipi?"

"Usiisikilize, mama. Tazama mkeka."

Akatazama. Hapakuwa na unyoya hata mmoja. Ilimuuma, maana ni vigumu mtu mzima kuambiwa masikio yake hayafai kwa kila kazi. Lakini alimeza, akachukua ile ndogo.

Tangu hapo alifyonza mara moja kila asubuhi, na hakuna aliyepanda kabati. Mwezi mpya ulipoandama Bi Chura aling'aa kijani kibichi, anapumua mwili mzima. Mafurushi yakafunguliwa. La Kidawa lilikuwa na mto wa kulalia. La Tindo lilikuwa na kiatu kimoja cha Bi Chura, cha kumkumbukia huko aendako, kimekwisha kutafunwa. Bi Chura akalia, na safari hii ilikuwa furaha.

Majirani wakaja kumuuliza wanunue mashine gani. Hakuwatajia yoyote. Kila mmoja alimwambia, "Nenda na paka wako." Basi wakaenda. Duka la Nyani likajaa paka, mbwa, sungura, kondoo, wote wanajikuna, wote wanapukutika. Mashine nzuri, hata zile alizoagiza upya, zikaisha. Manyoya yakambakia Nyani, magoti yamezama, na mashine iliyobaki dukani ni ile nyekundu. Akaiwasha. Wateja wote wakakimbia, na manyoya yao wakayaacha.

Kwa hiyo, wadogo na wakubwa: kitu cha nyumbani usikichague kwa kishindo chake, wala kwa unga wa muuzaji. Kijaribu kwa uchafu wako mwenyewe, na umuulize yule atakayeishi nacho.

Hadithi yangu imeishia hapo, waya nimeuchomoa. Anayetaka kuisikia tena na aichomeke mwenyewe, mimi nakwenda kulala.