Siri ya Mihogo ya Kidawa

Kichwa cha tajiri Hemedi hakikuwahi kubuni biashara hata moja. Alinyakua za wenzake. Zamu ikamfika Kidawa, mjane aliyechoma mihogo kwenye baraza ya tajiri huyo.

"Nipe siri ya mihogo yako, kisha uniondokee hapa."

"Sasa mimi nitauza nini, bwana?"

"Kauze maji."

Kidawa akainama, akafikiri.

"Haya. Siri ni chumvi na pilipili. Usizionee huruma. Na uuze rahisi."

"Hiyo tu? Ndiyo maana nyinyi hamtajiriki."

Kesho yake mji mzima ulijaa barazani kwa Hemedi, ukitafuna na kuhema. Ng'ambo ya njia, Kidawa alikaa na mtungi na kikombe. Hemedi mwenyewe alikuja mbio, ulimi nje.

"Panga foleni, bwana," alisema Kidawa. "Wazo ni lako, lakini maji ni yangu."