Stendi Iliyonyooka

Wapo wanaodhani kwamba kitu cha mwenzako kikikukaa vizuri mwilini, basi kimekuwa chako. Hawajui kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo: utapendeza nayo mlangoni, lakini ukiinama tu, mambo hadharani. Aliyekuja kuyajua haya kwa uchungu ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye watoto walimwita Randa, kwa jina la kile chombo cha seremala, kwa vile alipenda kila ubao uwe laini.

Mwalimu Randa alifundisha ubunifu na teknolojia katika chumba kilichokuwa zamani ghala la shule. Kilikuwa na meza mbili ndefu zenye makovu ya msumeno, dirisha moja, na harufu ya gundi iliyogoma kutoka. Alikipenda kama mboni ya jicho lake. Mwalimu mkuu naye alikimezea mate. Alitaka kukigeuza chumba cha mazoezi ya mtihani, kwani, alisema, hajamwona bado mtoto aliyefaulu kwa kupiga misumari.

"Mkaguzi anakuja Jumatatu," alimwambia Randa. "Akiona cha maana, chumba chako kitabaki. Akiona vijiti na kamba, utanipa ufunguo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Wakati huo darasa la tano lilikuwa likitengeneza stendi ya kunawia mikono kwa ajili ya watoto wa chekechea, ambao bomba la shule hawalifikii. Walikuwa wamewapima wadogo zao kimo, wakachora, wakabishana, wakafuta, wakachora tena. Kiongozi wao alikuwa binti mwembamba aliyeitwa Kipimo, maana hakupitwa na kitu bila kukiwekea rula. Dumu la maji lilining'inia kwenye ubao wa juu, likafungwa kamba iliyoshuka hadi kwenye kanyagio. Ukikanyaga, dumu huinama na maji hutoka. Ilifanya kazi. Ila ilisimama upande kama mzee anayeumwa kiuno, na misumari mingine ilikuwa imelala.

Ijumaa, watoto walipokwisha kwenda nyumbani, Randa aliizunguka stendi ile akiuwaza ufunguo. Akajiambia ataikaza kidogo tu. Akang'oa msumari mmoja, ukafuata wa pili, na heri angeishia hapo. Kufikia Jumapili alikuwa amekata miguu mipya, amepiga msasa, amepaka rangi ya bluu, na mahali pa kamba ametia waya uliopita ndani ya bomba la chuma. Mbao za watoto alizitupa jaani. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumatatu watoto walipoingia walisimama mbali na stendi ile ya bluu. Kipimo aliigusa rangi kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono mfukoni.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Alikanyaga, maji yakamwagika, akatabasamu. Mwalimu mkuu naye akatabasamu, kwa kuwa mkaguzi ametabasamu.

"Kiongozi ni nani? Wewe? Hongera, binti yangu. Sasa, naona maji yanatoka mengi mno. Ukitaka yapungue, utafanyaje?"

Uso wa Kipimo ulichangamka. "Nalegeza fundo la kamba, Mama, ili dumu lisiiname sana."

Akaenda kulishika, asilikute. Akapapasa huku, akazunguka kule, akachuchumaa penye kanyagio. Wenzake waliangalia sakafu.

"Fundo lilikuwa hapa," alisema, kidole juu ya bomba la chuma. "Hii... hii sijui inafunguliwa wapi."

Mkaguzi akamgeukia Randa. Yeye alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Niliitengeneza mimi," alisema. "Yote."

"Kazi za mafundi nimeziona nyingi, Mwalimu," mama yule alijibu bila ukali. "Leo nilikuja kuona ya watoto."

Kabla kengele ya mchana haijalia, mwalimu mkuu alikuja akanyoosha mkono. Randa hakungoja kuambiwa. Alimkabidhi ufunguo.

Nje ya mlango alimkuta Kipimo amesimama peke yake, macho mekundu.

"Mwalimu, kwani yetu ilikuwa mbaya sana?"

Swali lile lilimchoma kuliko kupokonywa chumba. "Ilikuwa imeinama," alisema.

"Tulijua. Mguu mmoja tuliukata mfupi. Tulishapima kipande cha kuongezea. Tulikubaliana tukija leo asubuhi, tunaunga."

Randa aligeukia ukutani, machozi yakamtoka mbele ya mwanafunzi wake. Alitaka kuwapamba watoto wale machoni pa mgeni, kumbe amewavua hata kile kidogo kilichokuwa chao, na yeye mwenyewe akabaki mtupu pamoja nao. Hakika, nguo ya kuazima haisitiri maungo.