Neno Lililokwama Mlangoni

"Neno lisilokabidhiwa huishia kizingitini." Vijana wawili wapya wa ofisi walimsikia Mzee Kasiani Mhagama akisema hivyo, wakamwuliza methali hiyo ameitoa wapi. Akaweka kikombe cha chai chini. Mwanzo wake, akawaambia, ulikuwa huu.

Wakati huo Kasiani alikuwa bado kijana, na ofisi yao ndogo pale Songea ilitengeneza programu ya simu ya kuwaonya watu wa mabondeni juu ya mafuriko. Kila bonde lilikuwa na programu yake. Kasiani ndiye aliyeandika kazi za kujiendesha: ukiandika amri "jenga" na jina la bonde, kompyuta inakusanya kila kitu, inaunda programu na kuituma kwenye simu za watu. Aliijaribu mara nyingi kwa bonde la Mwega, haikumwangusha hata siku moja. Akatembea kifua mbele.

Asubuhi moja ya masika habari ikaja kwamba maji yanashuka kutoka milimani, na alasiri yatafika Luhombe. Kasiani akaandika: jenga luhombe. Kompyuta ikajibu: Tayari. Akampigia simu mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ngaponda.

"Shikamoo babu. Fungua simu, onyo limefika."

"Marahaba. Limefika, lakini linasema Mwega salama. Mmetuhamisha lini, mjukuu wangu, hata kuagana hatukuagana?"

Kasiani akairudia amri. Mwega. Akairudia tena, safari hii akizigonga herufi kwa nguvu. Mwega. Ilikuwa saa nne, na kule watu walikuwa wakipalilia mpunga kando ya mto.

Bi Eufrasia Ndunguru, mkuu wao, akavuta kiti.

"Mbona unaigonga kama mlango wa kiziwi? Neno Luhombe umempa nani?"

"Nimeipa kompyuta, mama."

"Humo ndani umeweka kazi mbili. Ya kwanza inapokea amri, ya pili inajenga. Wewe umeongea na ya kwanza. Nani ameiambia impe mwenzake hilo neno?"

Kasiani akafungua maandishi ya kazi ya kwanza, akaanza kuyapitia.

"Siku ukienda kuposa, ukamnong'oneza shida yako aliyekufungulia mlango, naye asiifikishe ndani, baba mkwe ataijuaje? Atakuuliza habari za mvua, utakunywa chai urudi kwenu. Neno lisilokabidhiwa huishia kizingitini, baba."

Hapo Kasiani akaona. Kazi ya pili haikupata kusikia jina lolote. Ikikosa jina ilijenga Mwega, kwa kuwa ndivyo alivyoiandika siku ya kwanza, na majaribio yake yote yalikuwa ya Mwega. Bi Eufrasia hakumnyang'anya kibodi. Alimwonyesha mstari kwa kidole, Kasiani mwenyewe akaandika kwamba kazi ya kwanza iikabidhi ya pili kila neno ililopewa. Kisha mama akaongeza mstari wake chini.

Wakatuma upya. Simu ikalia.

"Sasa huu ndio mto wetu!" akasema Ngaponda, na nyuma yake filimbi zilikuwa zimeshaanza kupigwa. Saa tisa maji yalipofunika mashamba, watu wa Luhombe walikuwa kilimani, wakihesabu watoto na mbuzi. Hakupungua hata mmoja.

Mzee Kasiani akakiinua tena kikombe chake cha chai. Bi Eufrasia walimzika mwaka jana, kwao Mbinga.

"Hosiana," akamwambia kijana aliyekaa karibu na kompyuta, "andika jenga. Usitaje bonde."

Hosiana akaandika. Kwenye kioo pakatokea maneno: Bonde lipi, mwanangu?

"Ndio ule mstari wake," akasema Mzee Kasiani, uso umemng'aa. "Haujafutwa, na wala hautafutwa. Yeye alinikabidhi mimi, leo nawakabidhi ninyi. Kwa maana neno lisilokabidhiwa huishia kizingitini."