Harusi Iliyopigwa Marufuku Vigelegele

Kina mama, niwaulize kabla hatujafungua Maandiko: nani kati yenu anaweza kukaa harusini, bibi harusi akaingia, na asipige kigelegele? Mnacheka! Basi sikilizeni yaliyoikuta familia moja.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, kibanda chake kilikuwa katikati ya soko. Siku moja soko likashika moto. Watu walipiga mayowe, na wengine hawakutoka. Yeye alitoka salama, hakuungua hata unywele. Wakamwambia, "Mshukuru Mungu, usahau." Akamshukuru Mungu. Kusahau kukamshinda. Kila akisikia kigelegele, yeye anasikia yale mayowe ya sokoni. Jasho linamtoka, anakimbia. Kwenye harusi ya mpwa wake walimkuta amejificha nyuma ya masufuria ya pilau, analia. Wengine wakasema ana mapepo, wengine wakasema ana wivu. Jamani, midomo yetu hii!

Sasa binti yake akachumbiwa. Akasema, "Baba asiponishika mkono kuniingiza kanisani, siolewi." Kamati ya harusi ikakaa, ikanywa soda, ikapitisha: vigelegele marufuku. Shangazi mtu, ambaye kwa vigelegele hana mpinzani, akaruka: "Hii ni harusi au chumba cha mtihani?"

Binti akamwendea baba yake. "Baba, twende hospitali ukaonane na daktari wa afya ya akili."

"Mimi si kichaa, mwanangu."

"Kwani nani kasema? Ulipovunjika mguu tulikupeleka. Ulikuwa kichaa wa mguu?"

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akaenda. Daktari akamwambia, "Mzee wangu, huu si uoga wala mapepo. Ni kiwewe, na kina tiba. Moto ulishazimika, ila mwili wako haujapata habari." Wakaanza taratibu, anazungumza, anarudi tena, mpaka akaweza kusikiliza kigelegele kwenye simu, sauti iko chini, daktari yuko pembeni.

Siku ya harusi ikafika. Kamati haikuyaamini hayo ya hospitali, marufuku ikabaki palepale. Bibi harusi anaingia na baba yake, kanisa kimya, vinasikika viatu tu. Shangazi kajiziba mdomo kwa kanga. Katikati ya kanisa mzee akasimama ghafla. Watu wakashika vichwa: yaleyale! Mzee akamtazama binti yake, akainua uso, akapiga kigelegele. Kibaya, hakuna mfano! Kinakwaruza kama jogoo anayejifunza kuwika. Shangazi akaitupa kanga, kanisa zima likaitikia. Moyo ulimwenda mbio mzee wetu, ndiyo. Lakini hakukimbia.

Ndugu zangu, sisi ni nani katika habari hii? Sisi ni ile kamati! Mtu ameumia ndani, sisi tunapitisha maazimio: asitajiwe moto, ajikaze, asitutie aibu. Tunawafunga watu wote midomo, na hospitali ipo. Mimi mchungaji wenu nitakuombea, tena kwa sauti. Lakini nikishasema amina nitakuuliza: kliniki unaenda lini? Mungu aliyekutoa kwenye moto ndiye aliyempa yule daktari akili.

Na wewe uliyeinama hapo nyuma, unajua nasema nini. Njoo tuongee baada ya ibada. Tutakusindikiza mpaka mlangoni kwa daktari. Vigelegele vyetu tumevishika, tunakungoja wewe uanze.