Harufu ya Mbaruku

Sogeeni karibu, na walio nyuma wasikie. Alikuwako mwindaji, Mbaruku, na kila kulungu aliyemnyemelea aliisikia harufu yake akatimka. Akaoga mtoni, akajipaka majivu, akajisugua kwa mavi ya kulungu, wapi. Na nyumbani njaa inauma.

Siku moja jini wa mto akamzukia. "Hiyo harufu nipe mimi, niifungie kibuyuni."

Akampa. Jioni hiyo akarudi na kulungu begani. Mbwa wake akamngurumia. Mwanawe akaangua kilio. Mbaruku akapiga hodi; mama yake, asiyeona, akatia komeo mlangoni.

"Sauti ni ya mwanangu," akasema, "lakini harufu yake siisikii. Nenda zako, zimwi."

Mbaruku akarudi mtoni mbio, akambwagia jini nyama yote. "Chukua, bwana wangu, unirudishie harufu yangu."

Jini akazibua kibuyu.

Mama akafungua mlango, akamnusa shingoni, akacheka. Wakanywa uji mtupu, wakalala.

Hata leo, kulungu akimkimbia, Mbaruku humpungia mkono. "Ahsante, ndugu yangu," humwambia. "Kumbe nyumbani watanifungulia."